Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya umeme, mazingira na afya: pimeni kila transfoma kuukuu kabla haijafunguliwa

Waheshimiwa mawaziri, wakurugenzi wa mashirika ya umeme, na nyote mliokabidhiwa mamlaka ya kulinda mazingira na afya za watu,

YAH: SUMU YA PCB KATIKA MAFUTA YA TRANSFOMA KUUKUU

Naandika nikiwa fundi mstaafu. Miaka 27 ya maisha yangu niliitumia katika karakana ya kutengeneza transfoma, nikifungua vifuniko, nikimwaga mafuta, nikibadilisha gasketi na kufunga koili upya. Mafuta hayo tuliyazoea kama mkulima anavyozoea udongo. Tuliyatumia kunawia mikono iliyojaa grisi, tukasafishia spana, na wapo wenzangu waliojipaka visiginoni ngozi ilipokauka. Ovaroli zilizolowa tulizivaa hadi nyumbani, zikafuliwa katika beseni moja na nguo za watoto. Hakuna aliyetukataza, wala sidhani kwamba aliyekuwa juu yetu alituficha neno. Naamini naye hakuwa ameambiwa. Kwa hiyo siandiki kumshitaki mtu. Naandika kuomba jambo moja, na yote yatakayofuata ni maelezo ya kwa nini naliomba: transfoma kuukuu yoyote isifunguliwe, isimwagwe mafuta, isichujwe wala isiuzwe kabla mafuta yake hayajapimwa, na majibu ya kipimo hicho yaandikwe kwa rangi isiyofutika ubavuni mwa tangi lenyewe.

Sumu ninayoizungumzia ni bifenili zenye klorini nyingi, ambazo ulimwengu mzima unazifahamu kwa kifupi cha PCB. Hazitokani na maumbile. Ni kazi ya kiwanda. Molekuli yake ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa, na juu ya pete hizo zimepachikwa atomu za klorini, kuanzia moja hadi kumi. Kwa kutegemea idadi ya atomu hizo na mahali zilipokaa, hupatikana aina 209. Uzalishaji wa kibiashara ulianza Marekani mwaka 1929, kisha viwanda vikafunguliwa Ujerumani, Ufaransa, Japani, Umoja wa Kisovieti na kwingineko, na hadi uzalishaji ulipokoma zilikuwa zimekwisha kutengenezwa zaidi ya tani milioni moja. Ziliuzwa kwa majina mengi, na fundi yeyote mwenye umri wangu anaweza kuwa aliyaona kwenye vibati vya transfoma bila kujua maana yake: Aroclor, Clophen, Pyralene, Kanechlor, Sovol. Mafuta ya transfoma yaliyojaa PCB yalikuwa na jina lake la jumla, askareli.

Wahandisi walizipenda kwa sababu nzuri. Haziwaki moto kwa urahisi, hazipitishi umeme, haziharibiwi na joto la transfoma inayofanya kazi miaka 40 mfululizo, na tindikali haziziharibu. Kwa transfoma iliyowekwa ndani ya hospitali, shule au jengo la ofisi, ambako mafuta ya kawaida yangeweza kulipuka, askareli ilionekana kuwa ni usalama wenyewe. Lakini kitu kisichoozwa na joto wala tindikali ndani ya tangi hakiozi pia kikimwagika ardhini, na hakivunjwi upesi ndani ya mwili wa binadamu. PCB haziyeyuki vizuri katika maji bali huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo zikiingia mwilini hujificha kwenye shahamu na kukaa humo. Kwa baadhi ya aina, mwili huhitaji miaka kumi au zaidi kupunguza nusu tu ya kiasi ulichobeba, na hapo ni iwapo hakuna kingine kinachoongezeka.

Kwa macho na pua, mafuta yenye PCB hayatofautiki kwa uhakika na mafuta safi. Yana rangi ya manjano hafifu au hayana rangi kabisa, na harufu yake ni ndogo. Mafundi wa zamani walikuwa na mbinu yao: kudondosha tone la mafuta ndani ya chupa yenye maji. Lita moja ya askareli ina uzito wa takriban kilo moja na nusu, ilhali lita ya mafuta ya madini, yaani mafuta ya kawaida ya transfoma yanayotokana na petroli ghafi, haifiki kilo moja. Kwa hiyo tone la askareli huzama na tone la mafuta ya madini huelea. Nimeiona mbinu hiyo kwa macho yangu, tone likishuka polepole mpaka chini ya chupa likatulia kama shanga. Tatizo ni kwamba watu huiamini kupita kiasi. Tone likizama, jibu limepatikana. Tone likielea, hakuna kilichothibitishwa, kwa sababu mafuta ya madini yaliyochanganyika na PCB kidogo huelea vilevile, na kidogo hicho kinaweza kuwa mara kumi ya kiwango ambacho mikataba ya kimataifa inakihesabu kuwa ni taka ya sumu.

Hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa ndipo palipo na kosa linalofanyika kila siku bila mtu yeyote kukusudia. Wakubwa wengi wanadhani kwamba tatizo limo katika transfoma chache za zamani zenye jina la askareli kwenye kibati, na kwamba zilizobaki, zilizoagizwa na mafuta ya madini, ni salama. Karakana haifanyi kazi hivyo. Karakana ina mtambo mmoja wa kuchuja mafuta. Leo unaunganishwa na transfoma iliyotengenezwa 1965, kesho na iliyotengenezwa 1990, keshokutwa na iliyotoka bandarini wiki iliyopita. Mabomba ni yaleyale, pampu ni ileile, na ndani ya vichujio hubaki kila mara mafuta ya transfoma iliyotangulia. Tena mafuta yanayomwagwa kutoka transfoma mbalimbali hukusanywa katika pipa moja kubwa, na mafuta ya pipa hilo ndiyo hutumika kujazia transfoma iliyopungukiwa. Hesabu ni nyepesi na inatisha: kilo moja ya PCB tupu inatosha kuchafua tani 20 za mafuta safi hadi kufikia miligramu 50 kwa kila kilo, ambacho ndicho kiwango kinachotenganisha mafuta ya kawaida na taka ya PCB. Kwa njia hiyo transfoma iliyotoka kiwandani ikiwa safi, miaka mingi baada ya dunia kuacha kutengeneza PCB, inaweza kupewa sumu na fundi aliyekusudia kuitunza. Mimi ni mmojawapo wa mafundi hao, na siwezi kusema ni ngapi nilizozichafua.

Kumwaga mafuta machafu na kujaza mapya hakumalizi kazi, jambo ambalo nalo halisemwi vya kutosha. Koili za transfoma zimefungwa kwa karatasi na kushikiliwa kwa vipande vya mbao, na karatasi na mbao hizo zimeyanywa mafuta kwa miongo mingi. Ukijaza mafuta safi leo, sumu iliyojificha ndani ya karatasi itatoka taratibu na kuyaingia, na baada ya miezi kadhaa ya kazi kipimo kitapanda tena. Ndiyo maana transfoma iliyobadilishwa mafuta ni lazima ipimwe mara ya pili baada ya kuwa kazini kwa muda, na alama yake ya zamani isifutwe kabla ya majibu hayo ya pili.

Sasa niseme juu ya miili ya watu. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, watu walianza kuugua baada ya kula mafuta ya kupikia yaliyotengenezwa kwa pumba za mchele. Kiwandani, PCB zilikuwa zikizungushwa ndani ya mabomba ili kupasha mafuta hayo joto, mabomba yakavuja. Wagonjwa walitokwa na vipele vyeusi vya mafuta usoni na mwilini, kucha zao zikawa nyeusi, kope zikavimba na macho yakatoka uchafu mzito, mikono na miguu ikafa ganzi. Baadhi ya wanawake waliokuwa wajawazito walizaa watoto wenye ngozi iliyogeuka rangi kuwa ya kahawia. Ugonjwa huo uliitwa Yusho, na waliotambuliwa rasmi kuwa waathiriwa wamezidi 2,000. Mwaka 1979 msiba wa namna ileile ulitokea Taiwan na kuwapata watu wapatao 2,000. Watoto waliozaliwa na mama wale, hata miaka kadhaa baada ya mafuta kuondolewa jikoni, walichelewa kukua na walikuwa na upungufu katika vipimo vya akili. Wataalamu wamebainisha kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo ilitokana na furani, sumu kali zaidi zinazozaliwa PCB zinapopashwa moto mkali, na nitaurudia moto huo hivi punde.

Kuna jambo katika habari ya Yusho ambalo halinitoki moyoni. Miezi michache kabla ya watu kuugua, kuku walikufa kwa maelfu kwa maelfu katika sehemu ileile ya nchi, na chakula chao kilikuwa kimechanganywa na mafuta yaliyotoka katika kiwanda kilekile. Dalili ilikuwapo, imelala kwenye mabanda, na haikuunganishwa na jiko la binadamu mpaka muda ukapita.

Waheshimiwa, hayo ni madhara ya dozi kubwa, yaonekanayo usoni. Kwa dozi ndogo ya kila siku, kama ile ya fundi, madhara hayana sura. PCB huvuruga homoni za tezi ya shingoni, zile zinazosimamia ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni, hudhoofisha kinga ya mwili, huumiza ini. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka PCB katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu, na ushahidi ulio wazi zaidi ulihusu melanoma, saratani ya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 juu ya watoto ambao mama zao walikula samaki wa Ziwa Michigan ulionyesha kwamba wale waliopata PCB nyingi zaidi wakiwa tumboni walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili walipofika umri wa miaka 11. Mama hao hawakuwahi kugusa transfoma.

Sumu hupanda ngazi kwa ngazi kupitia shahamu: kutoka tope hadi kwa mdudu, kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki mdogo, kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa mkubwa, na kila ngazi humkuta mlaji akiwa na mzigo mkubwa kuliko alichokula. Mwaka 1966 mwanakemia Sören Jensen wa Sweden, ambaye alikuwa akitafuta mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu, katika viumbe, alikutana na alama asizozitambua katika vipimo vyake. Zilikuwa PCB. Alizikuta katika samaki, akazikuta katika tai, kisha akazikuta katika nywele za familia yake mwenyewe, hata za mtoto wake mchanga. Maziwa ya mama yana mafuta, na penye mafuta PCB hufika. Hapa nawaomba wanaonisoma wasielewe vibaya: Shirika la Afya Duniani linaendelea kupendekeza watoto wanyonyeshwe, kwa kuwa manufaa ya maziwa ya mama ni makubwa kuliko hatari hiyo. Kinachotakiwa kusimamishwa ni mafuta yanayovuja uwanjani.

Narudi kwenye moto. PCB zinaweza kuharibiwa kabisa katika tanuri maalumu lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi, ambamo gesi hukaa muda wa kutosha na moshi huchujwa; zinaweza pia kuvunjwa kwa kemikali, kwa kutumia sodiamu inayong'oa klorini kutoka kwenye molekuli. Moto wa kawaida hauziharibu. Huzigeuza kuwa furani na dioksini, sumu nyingine kali inayofanana na furani. Tarehe 5 Februari 1981 transfoma iliwaka katika jengo la serikali lenye ghorofa 18 mjini Binghamton, Marekani. Masizi yalipanda kupitia mifereji ya hewa na kuenea ghorofa zote, na jengo hilo halikutumika tena hadi mwaka 1994. Huo ulikuwa moto wa muda mfupi katika chumba kimoja cha chini. Wanunuzi wa vyuma chakavu hufanya jambo lilelile kwa makusudi: huchoma koili zilizolowa mafuta ili karatasi iungue na shaba ibaki safi. Nimesimama karibu na moto wa namna hiyo. Moshi wake ni mzito, unakwenda chini chini, na vijana wanaochochea huwa hawana hata kitambaa cha kuzibia pua. Transfoma waliyoichoma waliuziwa na shirika, kwa mnada halali, pamoja na mafuta yake.

Mafuta yanayomwagwa nayo yana soko lake. Katika nchi nyingi mafuta ya transfoma huibwa au huuzwa kwa magendo, yakatumika kukaangia kwa kuwa hayaishi upesi, yakachanganywa katika vipodozi na dawa za kuchua, yakapoza mashine za kuchomelea vyuma. Mlinzi wa ghala anaweza kulinda mafuta aliyoambiwa kwamba ni sumu. Hawezi kulinda mafuta ambayo hakuna anayejua yana nini.

Sheria ipo. Mkataba wa Stockholm, unaohusu kemikali za sumu zisizooza upesi, ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004. Umezitaka nchi wanachama zitafute, zitie alama na kuondoa kazini vifaa vyenye PCB, ukiweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa matumizi ya vifaa hivyo, na mwaka 2028 kuwa ukomo wa kushughulikia taka zake kwa njia isiyoharibu mazingira. Mkataba wa Basel unasimamia usafirishaji wa taka za namna hiyo kuvuka mipaka. Karatasi hizo zimetiwa saini na mawaziri. Karakana ninayoifahamu mimi haikuwahi kuona hata nakala ya ukurasa mmoja, na naamini hiyo ni hali ya karakana nyingi.

Upimaji wenyewe si kazi ya kutisha. Kuna vifaa vidogo vya kupima klorini ambavyo fundi aliyefundishwa anaweza kuvitumia papo hapo kwa dakika chache. Sampuli isiyoonyesha klorini inaachwa, na inayoonyesha inapelekwa maabara kupimwa kwa kromatografia ya gesi, ambayo husema ni PCB au si PCB, na ni kiasi gani. Sampuli ni mililita chache tu, zinazochukuliwa kwenye vali ya chini bila kufungua tangi. Transfoma zilizo kazini zinaweza kupimwa wakati wa matengenezo ambayo zingefanyiwa kwa vyovyote. Zilizo uwanjani zikisubiri mnada zipimwe kwanza, maana hizo ndizo zilizo karibu zaidi na moto wa vyuma chakavu.

Pamoja na kupima, kila karakana ipewe mtambo wa kuchuja uliotengwa kwa mafuta yaliyothibitishwa kuwa safi, na mabomba yake yasiguse transfoma isiyo na alama ya kuthibitisha kwamba ni safi. Pipa la kukusanyia kila kitu liondolewe. Mafundi wapewe glavu zisizopenyeka mafuta, za nitrili au bora zaidi, si zile za kitambaa tulizopewa sisi, ambazo zilinyonya mafuta na kuyashikiza kwenye ngozi siku nzima. Ovaroli zibaki kazini na zifuliwe kazini, na bafu liwepo, lenye maji na sabuni. Ardhi iliyolowa ichukuliwe sampuli kabla ya kufukiwa kwa kifusi au kujengwa juu yake.

Naomba pia, na hili nalitoa kwenu kwa heshima zote, waliofanya kazi hii kwa miaka mingi wapimwe damu na waambiwe ukweli wa majibu. Wapo wenzangu ambao wamekwisha kufa, na sina haki ya kusema nini kiliwaua kwa kuwa hakuna aliyepima. Waliobaki wanazeeka. Mke wangu, aliyefua zile ovaroli, ameniuliza mara zaidi ya moja mafuta yale yalikuwa na nini, na sijawahi kuwa na jibu la kumpa.

Siku niliyokabidhi funguo, nilizunguka uwanja wa nyuma wa karakana kwa mara ya mwisho. Transfoma zilikuwa zimepangwa ukutani safu mbili, nyingine zimevimba kutu, na chini ya kadhaa kulikuwa na doa jeusi lililokwenda hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua. Niliangalia kila tangi. Sikuona hata moja lenye alama ya kipimo. Kama mnatafuta pa kuanzia, waheshimiwa, viwanja vya namna hiyo viko nyuma ya karibu kila karakana yenu, na vali za chini bado zinafunguka.

Wenu mtiifu,
Fundi mstaafu wa transfoma